Sindano Isiyoumiza

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo saa tano asubuhi, bila hata kupiga hodi. Nilikuwa nimeanika koti langu la kazi dirishani. Sasa linatakiwa kufuliwa upya.

Nina madaftari mawili. La kwanza ni la utafiti, nimepewa na Daktari, nalo halitaki maneno. Linataka namba, saa na sahihi. Hili la pili nimelinunua mwenyewe, kwa sababu mimi nina mdomo na mume wangu amechoka kuwa peke yake wa kuusikiliza.

Nafanya kazi katika maabara ya kliniki ya watoto wenye kifafa. Msimu huu wote wa mvua tunao watoto thelathini na mmoja ambao wazazi wao wamekubali tuwatoe damu. Daktari anatafuta protini moja ambayo makazi yake ni ndani ya seli za ubongo. Seli ikiwa nzima, protini inatulia humo. Seli ikiumia, inavuja na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo tukiipima, huenda tukajua ni mtoto yupi ambaye kifafa kinamuumiza ubongo kimyakimya, hata kama anacheza na kucheka. Damu naitoa mimi, na mashine naiendesha mimi. Nimeambiwa tunazo sahani tatu tu za kupimia. Kila sahani ina vishimo vidogovidogo, kimoja kwa kila damu. Zikiisha, zimeisha.

Alhamisi, 7 Machi
Kliniki ya kwanza. Watoto kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyelia! Naandika hili kwa wino wa bluu na kwa kiburi. Watoto wananiita Shangazi Haiumi, na jina hilo nalipenda kuliko cheti changu kilichotundikwa ukutani.

Siri yangu ni ndogo. Natumia sindano nyembamba kuliko zote, yenye kitako cha rangi ya machungwa, na navuta haraka. Namwambia mtoto ahesabu hadi tatu. Akifika mbili nimeshamaliza. Kisha nasukuma damu kwenye kichupa, puu, nabandika namba, basi.

Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, mikono nyuma. Tunamwita Jeshi kwa sababu anatembea kama yuko gwaride, na watoto wakimwona wanaanza kulia kabla hajafungua mdomo. Yeye huchoma kwa sindano nene na huchukua muda wake.

"Wewe unapendwa, mdogo wangu," akaniambia. "Mimi napata damu tu."

Nikamjibu kwamba kila mtu na kipaji chake, dada. Akaguna.

Wa mwisho alikuwa binti wa miaka saba, amekuja na mama yake ambaye ni msusi. Huyo tumempa jina la Maswali. Kabla hajakaa vizuri ameshauliza kwa nini mkono huu na siyo ule, damu ikitoka inajua njia ya kurudi, na nikichanganya damu yake na ya yule kaka wa kwenye benchi, watakuwa ndugu? Nikamwambia ahesabu. Akauliza ahesabu kwenda mbele au kurudi nyuma.

Jumanne, 12 Machi
Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Friza iko salama.

Alhamisi, 14 Machi
Watoto kumi na wanne waliobaki. Kilio: sifuri.

Alhamisi, 21 Machi
Nimepima sahani ya kwanza na moyo wangu umekuwa mzito tangu mchana.

Mtu mzima wa kawaida hapaswi kuzidi kumi na sita hivi. Watoto wetu ishirini na sita kati ya thelathini na mmoja wamepita thelathini. Maswali ana arobaini na moja.

Daktari aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Mwishoni akasema, "Hizi si namba za kutibia. Ni za utafiti. Tusisahau hilo." Alilisema kwa sauti, nadhani ili ajisikie mwenyewe.

Nilimfikiria Maswali na kaka yake wa benchi. Arobaini na moja! Mtoto anauliza maswali mia kwa siku, na huku ubongo wake unavuja.

Alhamisi, 28 Machi
Mama yake Maswali ameleta taarifa kutoka shuleni. Mwalimu amemwona mtoto ameduwaa darasani mara mbili, macho yakiwa dirishani, akiitwa haitiki. Kuanguka hajaanguka tangu Januari. Dawa yake ya kwanza inafanya kazi. Lakini Daktari alifungua faili, akaiona ile arobaini na moja, akaitazama zaidi ya alivyomtazama mtoto. Akamweleza mama kwamba huenda ubongo unaumia, akaongeza dawa ya pili.

"Itamchosha kidogo mwanzoni," akamwambia mama.

"Akichoka kuuliza nitapumzika na mimi," mama akatania, na sote tukacheka.

Jumatano, 3 Aprili
Homa, mafua, mgongo. Mume wangu ameniwekea maji ya moto na redio.

Alhamisi, 4 Aprili
Nimelala. Jeshi amenishikia zamu ya kuanza kuwatoa watoto damu kwa mara ya pili. Nimewahurumia watoto.

Jumatatu, 8 Aprili
Nimerudi kazini. Msafishaji ananiambia Alhamisi vilio vilisikika hadi duka la dawa. Jeshi amewatoa damu watoto sita, wakamlilia wote sita. Nimecheka, ingawa si vizuri.

Alhamisi, 11 Aprili
Leo sina hamu ya kucheka.

Maswali aliletwa mgongoni. Mtoto wa miaka saba, miguu inaning'inia hadi magotini kwa mama yake. Nikamkalisha, nikamshika mkono, nikamwambia ahesabu. Akasema "moja" kisha akasinzia. Sikuulizwa swali hata moja. Nilimchoma, nikamaliza, akafungua macho na kuyafumba.

Mama yake aliniambia mwalimu amemtaka mtoto akae nyumbani kwanza, maana analala kwenye dawati na wenzake wanamcheka. "Dada, niambie ukweli," akasema. "Ubongo wake unaumia kiasi gani?"

Nikamwambia tunapima tena, tutajua. Aliponishukuru nilitazama pembeni.

Daktari amesema msimu ukiisha, Mei 30, ataamua: akiona namba bado iko juu, atapandisha dawa ya pili. Nimemwomba Mungu ishuke.

Jumatatu, 15 Aprili
Sahani ya pili. Niliowatoa mimi wako juu vilevile, Maswali sasa arobaini na nne. Lakini watoto sita wa Jeshi: kumi, nane, kumi na mbili, tisa, kumi na moja, saba. Hao hao mwezi uliopita walikuwa juu ya thelathini!

Nilikasirika. Nilimwambia Daktari wazi kwamba Jeshi lazima amekosea kubandika namba, au ameacha vichupa juani, au kafanya nini sijui. Nikasema kazi ya maabara haiendeshwi kwa amri. Jeshi alikuwa mlangoni. Aligeuka akaondoka na gwaride lake.

Jumanne, 16 Aprili
Naandika polepole leo ili nisijidanganye.

Asubuhi nilifungua friza nikatafuta kosa la Jeshi. Nikatoa vichupa vyake sita na vyangu sita, nikaviacha viyeyuke, nikavipanga mbele ya ukuta mweupe. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu hushuka chini na maji ya damu hubaki juu. Hayo maji ndiyo tunayahifadhi. Maji ya Jeshi yalikuwa ya manjano, mfano wa mafuta ya kupikia. Yangu yalikuwa na wekundu kwa mbali. Waridi. Si sana. Ukikiona kichupa kimoja peke yake unapita tu. Lakini vilipokaa kando kwa kando, hata mtoto angeona.

Kwenye daftari la utafiti kuna safu ya "hali ya sampuli." Kote nimeandika "safi." Na sikuwa naongopa! Nimeona waridi hiyo kwa miaka tisa nikadhani ndiyo rangi ya watoto.

Nikatoa karatasi ya maelekezo iliyokuja na sahani. Ukurasa wa nne, herufi ndogo kama kisigino cha sisimizi: usitumie maji ya damu yenye wekundu, kwa sababu protini hii imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe zikipasuka kipimo kitapanda. Chini yake kuna sahihi ya aliyesoma na kuelewa. Sahihi ni yangu.

Lakini kwa nini zipasuke kwangu na siyo kwa Jeshi? Nikarudi nyumbani na swali hilo. Mume wangu ni fundi wa cherehani, na alikuwa mezani amevaa miwani, anahangaika na mashine ya mteja inayochana nyuzi.

"Mashine ni nzima," akasema. "Tatizo ni mwenyewe. Kaweka sindano nyembamba kwa uzi mnene. Uzi ukilazimishwa kupita kwenye tundu dogo, tena kwa kasi, unachanika."

Niliweka kijiko chini. Akaniuliza kama chakula kina chumvi nyingi. Nikamwambia hapana, nimeshiba.

Jumatano, 17 Aprili
Nilimkuta Jeshi anahesabu shuka. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani na yote yakapotea. Nikasema, "Dada, nimekusingizia mbele ya Daktari. Nadhani mwenye kosa ni mimi. Naomba unitoe damu."

Akaweka shuka chini. "Mkono upi?"

Mkono wa kushoto nilijitoa mwenyewe kwa sindano yangu nyembamba, haraka, puu kwenye kichupa. Wa kulia akanitoa yeye. Iliuma! Sindano yenye kitako cha bluu, akavuta taratibu, kisha akaichomoa sindano kabla ya kumimina, akaiacha damu itiririke yenyewe ukutani mwa kichupa, kama mtu anayemmiminia mgonjwa uji.

"Nani kakufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Aliyenifundisha alinichapa vidole nilipoharakisha," akasema. "Watoto wakilia, dada, mimi pia naumia. Ila sijawahi kusema haiumi."

Alhamisi, 18 Aprili
Sahani ya pili ilikuwa na vishimo vichache vilivyobaki. Nimepima damu zangu mbili. Mkono wa kulia, tisa. Mkono wa kushoto, arobaini na sita.

Mtu mmoja, dakika kumi. Mume wangu amesema kama nusu ya ubongo wangu imeharibika basi yeye alishajua siku nyingi. Nilicheka hadi nikalia, halafu nikawa nalia tu.

Nilikwenda kwa Daktari na vichupa vyote viwili mkononi, Jeshi nyuma yangu. Nikaeleza kila kitu, na karatasi ya maelekezo, na sahihi. Nikamwambia damu zote nilizotoa mimi tangu Machi hazifai, zitupwe. Nilisubiri anifukuze. Yeye akavua miwani.

"Nilisema si namba za kutibia," akasema, "kisha nikatibia nazo."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ungedhani inachekelea. Nikauliza, "Na Maswali? Tunamwachisha ile dawa leo?"

"Siwezi. Kuduwaa darasani kulikuwepo kweli. Nilimwongezea kwa kubahatisha, sitampunguzia kwa kubahatisha. Nataka damu safi, na nampima upya mawimbi ya ubongo. Sahani imebaki moja."

"Nitawatoa wote upya," nikasema. "Wote ishirini na watano." Wale sita wa Jeshi hawakuwa na haja ya kurudiwa.

"Kwenye mvua hii? Na wazazi utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilichokuambia wewe."

Nimepiga moyo konde. Sitarudi nyuma.

Ijumaa, 19 Aprili
Jeshi ananifundisha. Tumeanza na mkono wake. Mara ya tatu maji yametoka ya manjano.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimezitupa zile sindano za kitako cha machungwa zote. Sanduku zima.

Alhamisi, 25 Aprili
Nilisimama mbele ya benchi za wazazi nikawaambia. Nilisema mimi ndiye niliyetoa damu vibaya, majibu tuliyoyapata ya watoto wao si ya kweli, na naomba kurudia; asiyetaka, ana haki. Baba mmoja alinyanyuka akamshika mwanawe mkono wakatoka. Mama mmoja alisema afadhali umesema. Wengine walinyamaza, na hao ndio walionichoma zaidi.

Kumi na mmoja walikubali. Nilimwambia kila mtoto: itauma kidogo, na nitakwenda polepole. Wakalia. Wa nne aliniambia, "Wewe siyo Shangazi Haiumi. Yule yuko wapi?"

Nikamwambia kaacha kazi.

Vichupa kumi na kimoja, maji yote ya manjano. Nimeviangalia mara tatu mbele ya ukuta.

Maswali hakuja.

Alhamisi, 2 Mei
Kumi. Yule baba aliyetoka amerudi, hakunisalimia, akamkalisha mwanawe. Kichupa kimoja kimekuwa waridi, nikakitupa na kumwomba mtoto radhi, nikamchoma tena, na akanipiga teke la haki. Daraja la bondeni limefunikwa na maji. Maswali hakuja.

Alhamisi, 9 Mei
Watatu. Maswali hakuja. Simu ya mama yake haipatikani. Watoto ishirini na wanne tayari, nimebakiwa na mmoja.

Jumamosi, 11 Mei
Nilichukua kiboksi cha baridi, sindano mbili za bluu na fomu, nikavaa viatu vya mvua vya mume wangu nikazunguka kwa daraja la juu. Dakika hamsini kwa miguu.

Mama yake alikuwa barazani anamsuka mteja. Maswali amelala kwenye mkeka pembeni, mdomo wazi, saa nne asubuhi. Mama aliponiona akasema tu, "Karibu," na vidole havikusimama.

Nikamweleza yote. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Nilipofika kwenye sindano nyembamba, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo mwanangu amelala mwezi mzima," akasema, "kwa sababu wewe ulitaka kupendwa na watoto?"

Nilitaka kusema hapana, si hivyo. Lakini ni hivyo. Nikasema, "Ndiyo."

Mteja alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mama akachomeka kitana nyweleni mwa mteja, akaja akasimama mbele yangu. "Na ukimchoma leo, kisha ukasema tena umekosea?"

"Utaiona damu yenyewe. Njoo Jumatatu maabara nikuoneshe maji yake. Yakiwa na wekundu sitayapima."

Alimnyanyua mtoto akampakata. Nikamwambia Maswali, ingawa hakuwa macho sawasawa, kwamba itauma kidogo. Akalia, kilio kidogo cha usingizini. Nilivuta taratibu.

Kijana wa pikipiki alijitolea kunirudisha. Nikamshukuru nikakataa, maana mtikiso nao unapasua chembe. Nilitembea na kiboksi kifuani, hatua kwa hatua, tope hadi kwenye vifundo. Jeshi alikuwa ameshaiwasha mashine ya kuzungushia damu, ananisubiri, Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Tulikitoa kichupa pamoja tukakiinua mbele ya ukuta.

Manjano. Jeshi akanipigia saluti. Sikujua kwamba anajua kwamba tunamwita Jeshi.

Jumatatu, 13 Mei
Mama yake alikuja kweli. Nikamwonesha kichupa cha zamani na kipya. Alivitazama sana. Akasema, "Basi endelea."

Alhamisi, 16 Mei
Sahani ya mwisho. Sijala tangu asubuhi.

Maswali: nane.

Watoto watano bado wako juu. Hawa sasa ni wa kweli, na Daktari ameshawaita mmoja mmoja kwa uchunguzi zaidi. Mwezi Machi walikuwa wamefichwa katikati ya uongo wangu, hakuna ambaye angewaona. Hilo nalo linaniuma, lakini leo tunajua pa kuanzia. Mawimbi ya ubongo ya Maswali yametulia pia. Daktari ameanza kumpunguzia dawa ya pili, kidogokidogo kwa wiki mbili. Ya kwanza inaendelea.

Jumanne, 21 Mei
Mvua kidogo. Koti limekauka.

Alhamisi, 30 Mei
Kliniki ya mwisho ya msimu. Jua. Leo hatutoi damu, lakini nilikaa kwenye kiti changu.

Maswali aliingia kwa miguu yake, mbele ya mama yake. Aliposimama mlangoni aliutazama mkono wangu, kisha meza, kisha uso wangu. Alikunja uso.

"Shangazi," akasema, "mbona zamani ulikuwa unasema haiumi?"

Mama yake akaanza kumkaripia. Nikamwambia amwache, tafadhali amwache. Nikamvutia kiti mtoto na kumwambia akae, jibu ni refu.

"Refu kiasi gani?" akauliza.